Waya wa Namba Nne

Mimi ni Mhaya, na nalisema hili mapema ili nikianza kujisifu usishangae. Nafundisha hesabu sekondari huku Kimara, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na wanaonifahamu watakuambia kwamba simung'unyi maneno. Mkuu wa shule akikosea ratiba ya vipindi namwambia palepale kikaoni. Padri akivuta mahubiri kupita kiasi namwambia mlangoni, akiwa bado anapeana mikono na waumini. Jina langu ni Kokushubila, lakini ninayetaka kumwelezea hapa si mimi. Ni Mzee Albano, fundi wa magari wa Manzese. Katika miaka kumi na minne nilimficha ukweli siku moja tu, na siku hiyo naijutia mpaka leo.

Nina Carina ya mwaka tisini na saba, rangi ya fedha, mlango mmoja umepakwa rangi nyingine inayokaribia kufanana. Walimu wenzangu wanaonunua magari mapya kidogo hunicheka. Wananiuliza hilo kopo nitaliuza lini. Nililinunua mwenyewe, sikupewa na mwanamume, na sina mpango wa kuliuza. Mwanzoni lilinitesa. Kila fundi wa Kimara alilifungua, akalifunga, akabakiwa na nati mbili mkononi asizojua zimetoka wapi. Ndipo mwenzangu Herieth, mwalimu wa kemia, akaniambia kuna mzee mmoja Manzese hana kibao wala simu ya maana, lakini ana masikio.

Nilimkuta kwenye uwazi mwembamba nyuma ya barabara ya Morogoro, kati ya ukuta wa mashine ya kukoboa na eneo la Isack, fundi bodi, ambaye kutwa nzima huwa anagonga mabati ya magari kwa nyundo. Albano alikuwa mfupi, mkavu, ovaroli lake limefuliwa mpaka bluu ikakimbia. Ni Mmakonde wa Newala. Alikuja Dar kijana, akaletwa kwa mjomba wake Mwenge ajifunze kuchonga vinyago, na mjomba akamfukuza baada ya mwaka mmoja, kwa sababu kila lori likisimama barabarani yeye aliacha patasi akaenda kusikiliza. Aliwahi kunieleza mwenyewe kwamba mpingo haumwambii mtu kitu mpaka auchonge, lakini injini inasema hata boneti haijafunguliwa. Akaingia gereji ya kampuni moja ya usafirishaji, akakaa humo mpaka kampuni ikafa, kisha akahamia pale Manzese na sanduku lake la spana. Hapo ndipo alipolea watoto watano.

Kazi yake ilikuwa hivi. Unafika na gari linatetemeka, silinda moja haichomi. Mafundi husema gari linamisi. Vijana wa siku hizi wangechomeka kompyuta, au wangebadilisha kila kitu mpaka wabahatishe. Mzee Albano alinyanyua vidole viwili juu, Isack akiviona anaweka nyundo chini. Mama wa chapati ng'ambo ya pili anapunguza redio. Kukishakuwa kimya, mzee anashika kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli asipigwe na umeme, anachomoa waya wa plagi mmoja, anausikiliza, anaurudisha, anachomoa wa pili. Akichomoa wa silinda nzima, injini inalalamika. Akichomoa wa silinda iliyokufa, haibadiliki kitu. Tofauti yenyewe mimi sikuwahi kuisikia hata mara moja, nilikuwa nasikia mngurumo uleule wa mwanzo.

"Namba tatu huyu," alikuwa anasema. "Anakula tu, hafanyi kazi."

Na kweli ilikuwa namba tatu.

Tuligombana sana, mimi na yeye. Alipochelewa nilimwambia amechelewa. Aliposahau kukaza bomba la maji, injini ikachemka nikiwa Mbezi, nilirudi nikamsema mpaka Isack akaingia chini ya gari alilokuwa anatengeneza ili asicheke mbele yangu. Mzee hakukasirika. Alikaza bomba, akaniambia kwamba wateja wengine humsifia wakiwa pale Manzese, wakifika Ubungo ndio wanamtukana, na kwamba yeye anapenda anayemtukana papo hapo ili arekebishe. Nilicheka. Tangu siku hiyo sikupeleka gari kwingine.

Hadi mwaka jana, mwezi wa nane.

Nilifika asubuhi nikamkuta kainama ndani ya boneti ya pikapu. Nikasimama nyuma yake nikasema, "Shikamoo mzee." Kimya. Nikasema tena, kwa sauti zaidi. Kimya. Mara ya tatu niliitoa kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho, na yeye akaendelea kukaza bolti yake kana kwamba nyuma yake hakuna mtu. Isack alitazama chini. Mama wa chapati naye alitazama sufuria yake.

Nchi hii mtu anaweza kukunyima maji, lakini hakunyimi marahaba. Na mimi si mtu wa kubembeleza. Niliwasha gari nikaondoka, na njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Nilipofika shule nikawaeleza wenzangu kwamba Mzee Albano sasa anaringa, amkio haitikii. Herieth akasema hata yeye kulimkuta, alimwamkia mzee, mzee akampa mgongo. Mwalimu mwingine akasema alimweleza tatizo la breki, mzee akafungua mlango wa nyuma akaanza kuangalia taa. Tukacheka. Tulikuwa walimu sita tunaopeleka magari kwake. Kufikia muhula wa kwanza wa mwaka huu hakuna aliyekuwa anakwenda. Hesabu hiyo naijua vizuri, kwa sababu mimi ndiye niliyeianzisha.

Mke wake anaitwa Flaviana, ila wote tunamwita Mama Valerian kwa jina la mwanawe wa kwanza. Jumamosi huja Kimara Mwisho kuuza korosho za kwao, anazipanga kwenye ungo na kuzipima kwa kikombe. Mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa natoka sokoni, nikampita kwa makusudi. Akaniita.

"Mwalimu, umetukimbia kabisa."

"Sijawakimbia, Mama Valerian. Mzee wako ndiye aliyenifukuza. Nimemwamkia mara tatu, hajaitikia. Mara tatu! Mie mtoto mdogo wa kuachwa nimesimama pale?"

Aliweka kikombe chini. "Ulikuwa umesimama wapi?"

"Nyuma yake."

"Hakusikia, mwalimu."

"Sauti yangu mie hakusikia?"

"Hasikii," alisema, na akatazama huku na huku kama mtu anayetoa siri ya mwizi. "Sikio la kushoto lilianza mwaka juzi, la kulia likafuata. Tumeenda hospitali, daktari kasema mishipa imekufa, ni makelele ya miaka mingi. Kifaa cha kuvaa alijaribu, kinamletea kelele tu, hakimletei maneno. Ukikaa mbele yake anakusoma mdomo, mnaongea vizuri tu. Ukikaa nyuma, hakuna mtu. Na hataki ajue yeyote. Watu walikuwaga wanamfuata kwa ajili ya masikio yake, wewe si unajua? Wakijua hana, nani atamletea gari?"

Nilitamani ardhi inimeze. Sisemi hivyo kwa kupamba. Nilisimama pale na mfuko wangu wa nyanya, nikawaza ile sauti ya darasani niliyompigia mgongoni mbele za watu, na zile hadithi nilizopeleka ofisini, na vicheko vyetu. Mzee wa watu alikuwa anapoteza kitu kilichomlisha miaka arobaini, na sisi tulimwita mwenye maringo.

"Nitarudi," nikamwambia. "Gari lenyewe limeanza kumisi tangu mvua zilivyoanza. Nitamletea."

Badala ya kufurahi, Mama Valerian aliogopa. Akanishika mkono. "Sikiliza kwanza. Wiki iliyopita kuna mteja kamrudishia gari mara ya pili, kamwambia mbele za watu, mzee nenda kapumzike. Alivyorudi nyumbani hakula. Akaniambia, 'Gari la mwalimu ndilo ninalolijua kuliko magari yote. Mwalimu akirudi nikaliweza, naendelea. Nikishindwa na lile, nafunga, tunarudi Newala.' Na mzee yule akikaa bila kazi, mwalimu, hafiki mbali. Namjua mie." Kisha akaongeza, "Usimwambie kama nimekuambia. Ananiamini."

Nikamwapia kwamba sitasema.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Manzese. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na Carina ilikuwa inaruka njia nzima. Safari hii nilizunguka, nikasimama mbele yake, nikangoja mpaka akanyanyua uso.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu! Ulipotea wewe."

Alitabasamu na mapengo yake yote. Nikahisi machozi yananijia, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Nilimweleza tatizo taratibu, uso kwa uso, na nikaona macho yake hayatoki mdomoni mwangu. Hakunyanyua vidole viwili. Hakuchomoa nyaya na kusikiliza. Alichukua chupa ya kunyunyizia maji, ile wanayotumia vinyozi, akanyunyizia nyaya za plagi huku injini inanguruma. Kisha akatungua koti la mvua lililokuwa msumarini, akajifunika kichwa nalo akaifunika na injini, akabaki kiuno kinaning'inia nje. Baada ya dakika mbili akaniita kwa mkono.

"Njoo uone."

Niliingiza kichwa chini ya lile koti. Ndani kulikuwa giza na harufu ya petroli, na juu ya zile nyaya nyeusi nikaona vimulimuli vya bluu vinatembea, vinaruka kutoka kwenye mpira kwenda kwenye chuma. Sikuwahi kuona kitu hicho.

"Moto unatoroka," alisema karibu na uso wangu. "Mpira umechoka, umepasuka vidogovidogo. Jua likiwaka huoni kitu, unyevu ukija moto wote unaishia njiani. Plagi inapata mabaki tu. Zote nne hizi zimekwisha."

Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Sikio limemwacha, na yeye ametafuta njia nyingine ya kuingia mlemle. Nikasema moyoni, huyu hafungi gereji leo wala kesho.

Tuliliacha gari pale, tukapanda basi la mwendokasi hadi Gerezani kutafuta nyaya. Alibeba zile kuukuu kwenye mfuko, maana mzee hakununua spea bila sampuli mkononi. Duka tuliloingia ni la Adelard, mtu wa makamo mwenye haraka, anayeongea akiwa ametumbukiza kichwa kwenye rafu.

"Ya injini gani, mzee?" akauliza Adelard, mgongo kwetu.

Mzee alikuwa anaangalia plagi kwenye kabati la kioo. Nikajibu mimi.

"Mnataka mpya au za Japani zilizotumika?"

Nikajibu tena mimi, kwamba atuletee zote. Mzee aligeuka, akanitazama, akamtazama Adelard. Mimi nikatazama feni belti zilizotundikwa ukutani kana kwamba sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Ukitaka kujua fundi ni nani, mtazame anavyochagua. Adelard alileta kwanza nyaya mpya nyekundu zinazong'aa, na mimi ningezichukua hizohizo. Mzee alikunja mmoja kwa vidole, akaurudisha. "Mgumu. Huu ukikaa juu ya injini mwezi mmoja unapasuka kama ule." Zikaja nyingine nyeusi, laini, nzuri. Alizilaza kaunta kando ya zile kuukuu, mmoja mmoja, akaonyesha kwamba wa silinda ya kwanza umepungua urefu wa kidole. "Utavutika. Ukivutika unachomoka." Mwisho zikaja zilizotumika, zimefungwa kwa raba, maandishi ya kiwandani bado yanasomeka. Alizipangusa, akazikunja, akachungulia ndani ya kila kichwa kutafuta kutu. Akatoa mita yake ya umeme mfukoni, akapima waya mmoja baada ya mwingine kutoka mwisho hadi mwisho. Tatu zikasoma vizuri. Wa nne ukasoma zaidi ya mara mbili ya wenzake.

"Huu umekatika ndani. Nipe mwingine wa urefu huuhuu."

"Mzee, hizo zinauzwa seti," alisema Adelard.

"Seti ya nne, na hapa ziko tatu na maiti mmoja," nikamjibu mimi, na nikamwambia pia kwamba kama ana haraka ya kufunga duka atuambie twende la jirani. Alifungua mafungu mengine mawili. Mzee alipima yote, nusu saa nzima, mpaka akapata wa nne unaolingana na wenzake. Tulipokuwa tunatoka, Adelard aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wanunuzi wanaopima siku hizi hawapo tena. Nilitaka kumrudia mzee maneno hayo, nikakumbuka kwamba ningelazimika kueleza kwa nini narudia.

Tulirudi Manzese saa nane mchana. Mvua ilikuwa imekatika. Mama wa chapati alikuwepo, Isack alikuwepo, na mteja mmoja wa Isack amekaa juu ya tairi anakunywa chai. Mzee alifungua boneti, akajinyoosha, na akanyanyua vidole viwili juu.

Isack akaweka nyundo chini. Redio ikapunguzwa. Kimya kikatanda, kwa ajili ya mtu asiyeweza kukisikia. Ndipo nikaelewa kwamba wote pale wanajua, na kila mmoja anadhani anamtunzia mzee heshima yake.

Aliweka nyaya mmoja mmoja. Hachukui zote kwa pamoja, anachukua mmoja, anaweka, ndipo anachukua mwingine, ili zisichanganyike. Kwenye gari langu plagi zimekaa chini ndani ya mashimo, huzioni. Waya una kichwa kirefu cha mpira, unausukuma shimoni mpaka ushike plagi, na ukishika unatoa mlio mdogo, tak. Mkono haupati habari nyingi kupitia mpira mrefu namna ile. Anayekuambia kazi imekamilika ni ule mlio.

Namba moja. Tak.

Namba mbili. Tak.

Namba tatu. Tak.

Alisukuma namba nne, akaukandamiza mpira wake juu ya shimo, ukakaa sawa na wenzake. Nilingoja. Hapakuwa na mlio. Akazipanga nyaya vizuri kwenye vibanio vyake, akapangusa vidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nilifungua mdomo.

Nilikuwa nimesimama mbele yake, hatua moja, uso wangu anauona. Kilichohitajika ni maneno matatu. Namba nne haijagonga. Lakini nikiyasema, atajua kwamba najua. Atajua mkewe amesema. Atajua mbele ya Isack, na mama wa chapati, na yule mtu wa chai, kwamba kasoro aliyoisikia mwalimu wa hesabu yeye hakuisikia. Nikamwona alivyosimama, na ovaroli lake lililopauka, na furaha yake ya Gerezani bado iko usoni. Nikajiambia labda umegonga, ni mimi sikusikia. Nimefundisha watoto kuhesabu maisha yangu yote, na siku hiyo nikajidanganya kwamba sijui kuhesabu mpaka nne.

Nikafunga mdomo.

"Washa," akasema.

Niliingia nikawasha. Gari lilishika, na papo hapo usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu. Mngurumo wa injini ulipanda na kushuka. Isack alinitazama, na mimi nikayakwepa macho yake.

Mzee alisogea dirishani, akainama, akakaza macho kwenye midomo yangu. "Imetulia?"

"Imetulia, mzee," nikasema. Nikatabasamu. "Imetulia kabisa. Hongera, wewe ni fundi kwelikweli."

Naye akatabasamu. Akaenda mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya bodi, karibu na taa. Alikaa hivyo muda mrefu. Niliona tabasamu linaondoka usoni mwake kidogo kidogo, na mkono wake haukuondoka. Kisha akachungulia nyaya zote tena, akagusa zile ncha za upande wa pili, akachungulia mashimo. Kwa macho hakukuwa na kasoro yoyote. Zote nne zilikaa sawasawa.

Alinionyesha ishara nizime. Akafunga boneti polepole, kwa mikono miwili.

"Nenda salama, mwalimu."

"Mzee, kama kuna kitu..."

"Miaka yote hii," akasema, bila hasira yoyote, "hujawahi kunipa hongera. Hata siku nilipokufungulia injini nzima. Leo imekuwaje?"

 Alipangusa mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, akageuka.

Niliondoka. Gari lilitetemeka kutoka Manzese hadi Ubungo, na kwenye mataa ya Ubungo likanizimikia mara mbili, honi zote za Dar ziko nyuma yangu. Nililisogeza pembeni mbele kidogo, nikatoka, nikafungua boneti. Sikuwahi kushika injini ya gari hilo. Niliweka kiganja juu ya mpira wa namba nne, nikasukuma kwa uzito wangu wote.

Tak.

Niliwasha. Lilinguruma taratibu, laini, kuliko siku niliyolinunua. Sekunde moja tu ilitosha. Kazi ya mzee ilikuwa safi mwanzo hadi mwisho, uchunguzi wake, nyaya zake, vipimo vyake, na ilikuwa imebaki sekunde moja ambayo mimi ningempa kwa kufungua mdomo. Nililia pale barabarani, watu wananipita, na sikujali. Kisha nikageuza gari.

Nilipofika nilimkuta Isack amekaa juu ya ndoo, mita ya mzee iko mapajani mwake. Hakuwa anaigusa, kama zawadi asiyoitaka. Mzee alikuwa ametandaza gunia chini, anapanga spana zake kwa ukubwa, kama anayefunga mizigo. Niliacha injini inawaka, nikamkimbilia, nikasimama mbele yake.

"Mzee, gari zima! Kazi yako ilikuwa nzima! Namba nne ndiyo ilikuwa haijaingia vizuri, basi, hakuna kingine. Nimeikandamiza imegonga, limetulia. Njoo ushike. Njoo ushike mwenyewe!"

Nilimvuta mkono kama mtoto. Aliweka kiganja palepale karibu na taa. Safari hii chuma kilikuwa kimetulia, na nikaona uso wake unafunguka. Alicheka. Alimtazama Isack, akalipiga gari kofi dogo, akasema kwa Kimakonde neno nisilolijua. Nami nikacheka. Nikadhani nimemrudisha.

Kisha akanigeukia.

"Ulijuaje ni namba nne?"

"Zile nyingine ziligonga," nikasema. "Hiyo sikuisikia."

"Hukuisikia lini?"

Isack aliinamisha kichwa. Mama wa chapati alikuwa amezima redio kabisa. Ningeweza kusema nimebahatisha, au fundi wa Ubungo kanisaidia, na nina hakika wote pale wangenisaidia kuulinda uongo huo. Nilimtazama usoni, nikasema polepole, ili midomo yangu aione vizuri.

"Ulipokuwa unaifunga, mzee."

 Akakitazama kiganja chake.

"Nilikuwa hapahapa, mbele yako," akasema. "Mkono wangu ulikuwa bado juu ya waya."

Akapiga magoti kwenye gunia, akaendelea kupanga spana.